Alama Chini ya Kiti cha Limbu

Mume wangu Anselm alikuwa na kidole gumba chenye akili kuliko kichwa chake. Simtukani. Nimeishi naye muda wa kutosha, ninayo haki ya kumsema. Kwa mambo mengine alikuwa mtu wa kusahausahau. Ukimtuma chumvi anarudi na misumari. Lakini mpe kitu kilichochongwa, akipapase huku amefumba macho, na atakuambia kilichongwa kwa chuma gani. Akishajua chuma, amejua na zama.

Aliyemtia kiburi ni Fakhrudin, Mhindi mwenye duka pale Kanyenye, mjini Tabora. Fakhrudin alikuwa akinunua viti vya kale, sanamu, na vipande vya milango ya nyumba za Waarabu wa misafara, akawauzia Wazungu waliopita kwa treni. Watu walishamlaghai mpaka akachoka. Sanamu ya juzi inapakwa mafuta ya mbarika, inatundikwa juu ya moshi wa jikoni, kisha inaletwa dukani imekuwa bibi kizee. Basi kila akiletewa kitu, Fakhrudin alituma mtu kwetu Ng'ambo kumwita Anselm.

Anselm hakujali rangi wala nyufa. Alikigeuza kitu juu chini, akatafuta mahali ambapo mchongaji alichoka: ndani kati ya miguu ya kiti, au nyuma ya shingo ya sanamu, pale ambapo mkono haufiki vizuri na hakuna anayejisumbua kulainisha. Huko ndiko alikosoma. Chuma cha zamani, kile cha wahunzi wa Kisumbwa, ni laini na makali yake hujikunja upesi, kwa hiyo tezo lake hula mti kidogo kidogo na kuacha vishimo vifupi vyenye nyuzinyuzi. Chuma cha reli ni kigumu. Baada ya vita vya Wazungu vipande vya reli vilizagaa, wahunzi wakavifua kuwa matezo, na tezo la namna hiyo huacha mkato mrefu, mlaini, ambao hata masizi hayaufichi. Reli ilifika Tabora mwishoni mwa enzi za Wajerumani. Kitu chenye mkato ule hakiwezi kuwa cha kale kuliko reli, na hapo hakuna la kubishana.

Alikuwa na desturi moja aliyorithi kwa baba yake, marehemu mzee Mhoja, ambaye naye alikuwa mchongaji. Mzee Mhoja alimfundisha kwamba anayepapasa mti lazima aseme kwa sauti kile gumba linachokuta, palepale linapokikuta. Ukinyamaza mpaka mwisho, kichwa kitaanza kupanga maneno yake, na tamaa yako itaongeza ya kwake. Kwa hiyo Anselm alipofanya kazi hiyo alifumba macho na kusema mfululizo, kama mtu anayesali rozari. Fakhrudin alipenda sana. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba siku moja atanipapasa mimi na kuwatangazia majirani umri wangu.

Sasa nieleze habari ya mjomba wangu Limbu.

Limbu alikuwa mtemi wa Usongolo, nchi ndogo iliyo kwenye njia ya zamani ya misafara, ukitoka Tabora kuelekea Ujiji. Alikuwa mdogo wa mama yangu, Sikuzani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa karanga za kukaanga na aliyeongea nazo mdomoni mpaka wageni wakajifuta nyuso. Nilipokuwa mdogo ndiye aliyenitoa miiba miguuni, na alinitoa vizuri, bila kuniumiza, huku akinisimulia uongo mtupu. Nilimpenda kuliko baba yangu. Sioni haya kulisema.

Ilikuwa miaka ile Waingereza walipoamua kutawala kwa kupitia watemi, wakawa wanauliza kila mahali nani mtemi wa haki. Mlewa, mtu wa upande wa pili wa ukoo, aliyewahi kuwa askari wa Wajerumani, akaenda bomani kushitaki. Alisema utemi ni wa nyumba yao, na kwamba kiti anachokalia Limbu si kiti cha mababu bali ni kitu cha kubandika. Bwana shauri wa Tabora, Mwingereza kijana aliyesema Kiswahili safi cha kitabuni, akatoa uamuzi ulioonekana wa busara. Kiti kitatazamwa hadharani. Kikiwa cha zama za misafara, Limbu atabaki. Kikiwa cha baada ya hapo, utemi unakwenda kwa Mlewa.

Kwetu mtemi haondolewi, mtemi hufa. Mtu aliyeng'olewa utemini akiwa anapumua hana mahali pa kukaa katika nchi ile, kwa kuwa si mtemi tena na hawezi kurudi kuwa mkulima. Mama alikuwa akilisema hilo tangu mashitaka yalipoanza, na chakula alikuwa hali vizuri.

Ndipo Anselm akajitolea. Hakuna aliyemwita. Alikwenda mwenyewe bomani akasema anaweza kukipima kile kiti, na Fakhrudin akamshuhudia kwamba hajawahi kukosea. Bwana shauri akamuuliza kama ana undugu na Limbu. Anselm akasema ndiyo, mke wake ni mpwa wa mtemi, lakini gumba lake halina mke. Bwana shauri akacheka, akakubali.

Alikuwa na hakika kabisa. Alikiona kile kiti utotoni, siku baba yake alipompeleka ikulu ya Usongolo, na alikikumbuka: mgongo mrefu, na juu yake umbo la mtu aliyekunja mikono kifuani. Mimi nami nilikuwa na hakika. Asubuhi ya baraza nilimpigia pasi shati lake jeupe na kumwambia, "Baba Dionis, leo ukamtoe mjomba wangu."

"Atatoka," alisema.

Baraza lilikaa mbele ya ikulu. Watu wa Usongolo walijaa mpaka kwenye mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa. Limbu aliketi kwenye mkeka, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimewekwa mezani mbele ya bwana shauri. Anselm alipokipindua miguu ikawa juu, watu wakaguna kwa uchungu, maana kiti cha mtemi hakipinduliwi. Wazee wa ikulu, wale wanaomvisha mtemi mavazi yake na kumzika, waliinamisha vichwa wote kwa pamoja. Nilidhani ni kwa sababu ya heshima.

Anselm akafumba macho.

"Mninga," alianza. "Ulikauka vizuri kabla ya kuchongwa." Gumba likapita ukingoni. "Hapa pamesuguliwa kwa msasa wa jani, si wa dukani." Watu wa Limbu wakachangamka. "Tundu hili la kamba limetobolewa kwa chuma cha moto, kama walivyofanya wa kale. Ndani ni jeusi."

Bwana shauri alitikisa kichwa kukubali. Nilimtazama Mlewa, nikamwona anameza mate, nikafurahi sana.

Gumba likaingia ndani, kati ya miguu.

"Hapa mchongaji amechoka," Anselm akaendelea, kwa sauti ileile. "Mkato ni mrefu. Mlaini. Chuma ni kigumu, chuma cha reli. Na tezo lilikuwa na pengo upande wa kushoto, limeacha uzi katika kila..."

Akanyamaza. Akafumbua macho, akalitazama gumba lake.

Mimi nilielewa wakati uleule naye alipoelewa. Tezo lililokuwa na pengo upande wa kushoto lilikuwa nyumbani kwetu Ng'ambo, limetundikwa ukutani. Lilikuwa tezo la mzee Mhoja, baba yake. Anselm mwenyewe ndiye aliyelinoa mpaka pengo likaisha, mwaka aliolirithi.

"Chuma cha reli," bwana shauri alisema. "Una hakika?"

Niliomba moyoni aseme amekosea, aseme jua linamchoma, aanguke chini azirai, lolote. Mwanamume mwingine yeyote angepata uongo mdogo wa kusema.

"Wewe ndiye uliyeomba kukitazama," bwana shauri akasema kwa upole. "Nakuuliza tena. Una hakika?"

"Nina hakika, bwana," akasema Anselm. Ningekuwa karibu ningemzaba kibao.

Limbu hakukana. Aliinuka polepole, akajifunga shuka lake vizuri, akawatazama wazee wa ikulu. Wazee waliendelea kutazama chini. Bwana shauri akatamka kwamba serikali inamtambua Mlewa kuwa mtemi wa Usongolo. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamwambia Limbu kwamba anaweza kubaki katika nyumba yake, na asisumbuliwe na mtu.

Hakuna aliyemsumbua. Mama yangu aliinuka katikati ya wanawake, akachukua mtungi wa maji, akaingia ndani ya ikulu. Mtemi akifa, dada yake ndiye anayeuzima moto wa ikulu, na nyumba zote za nchi zinauzima wa kwao, mpaka mtemi mpya apekeche moto mwingine na kuwagawia. Tulisikia maji yakilia jikoni, kisha majivu meusi yakatiririka hadi mlangoni. Limbu alikuwa amesimama nje juani, mzima, akisikiliza.

Nilimkimbilia mama nikamshika mkono. "Mama, yuko pale. Amesimama pale, mtazame!"

"Nani?" akauliza mama.

Wake wa Limbu walinyolewa nywele siku ileile, kama wajane, wakaenda kwa wazazi wao. Watoto wao wakachukuliwa na ndugu. Wanawake walilia kilio cha msiba njia nzima, na Limbu alikaa kizingitini akisikia anavyoliliwa. Aliwasalimu watu waliopita. Wazee aliokua nao, waliocheza naye bao, walipita kana kwamba mlango ule ulikuwa na upepo tu. Sijawahi kuona ukatili kama ule, na uliofanywa bila hasira hata kidogo.

Anselm alirudi Tabora kumwona bwana shauri. Mimi nikabaki. Ilikuwa kipupwe, baridi ya Usongolo inaingia mpaka kwenye meno. Niliazima kiberiti kwa Mwarabu mwenye kibanda barabarani, nikaokota kuni, nikaenda kwa mjomba mchana, nikiwa nimebeba na karanga. Nilimkuta amejikunyata kwenye kona, shuka moja tu, blanketi zake zimegawiwa kama mali ya marehemu.

"Shikamoo, Mjomba."

Alichelewa kuitikia. Nafikiri alikuwa anataka kuhakikisha kwamba ni yeye ninayemwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Nikapanga kuni. Nilipotoa kiberiti alinishika mkono.

"Usiwashe."

"Mjomba, utakufa kwa baridi."

"Moshi ukionekana juu ya nyumba hii, watasema mama yako hakuuzima moto vizuri. Unajua wanavyomfanya dada wa mtemi asiyeuzima moto? Watasema mvua ikikosekana ni yeye. Weka kiberiti chako."

Nikalia. Yeye akachukua karanga chache, akazitafuna polepole, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuna akiwa amefunga mdomo.

"Mumeo alisema kweli," aliniambia. "Kile cha babu kilichomwa na askari waliopita wakati wa vita. Walikipikia ugali, hawakujua ni nini. Nikamwita Mhoja, akanichongea kingine kama kilekile, nikakikalia, kikawa kilekile. Hata hicho cha babu, nani anajua kilikuwa cha ngapi? Mti huoza, mti huungua. Kinachongwa kingine na hakuna anayesema, na aliyechonga anasahau. Ndivyo kilivyoishi tangu mababu."

"Kwa nini hukusema barazani?"

"Kusema ndiko kukiua. Kiti kikitajwa hadharani kwamba ni kipya, basi cha zamani kimekufa, na mtemi wake amekufa nacho. Wazee wote wale walijua, Tekla. Walikuwapo kilipoletwa. Wangefungua mdomo kunitetea, wangeniua wao badala ya mumeo." Akakohoa kwa muda mrefu. "Nilimwambia Mhoja alinoe lile pengo kwanza. Akasema hakuna mtu atakayeingiza kidole huko."

Akacheka. Nilimchukia kwa kucheka kwake, na nilimchukia marehemu baba mkwe kwa uvivu wake, na Anselm kwa unyofu wake, na mimi mwenyewe kwa lile shati nililolipiga pasi. Nikamfunika kwa khanga yangu ya juu. Ilikuwa ndogo, haikumfika miguuni.

Anselm alirudi kutoka Tabora amevimba miguu. Alikuwa amemweleza bwana shauri yote, hata habari ya baba yake. Bwana shauri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Ulisema ni kipya au hukusema?" Anselm akajibu kwamba alisema. "Na sasa unataka niseme ni cha zamani?" Anselm akamwambia, "Ni kipya, bwana, na ni kilekile." Bwana shauri akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mwenye homa, akamwambia aende akapumzike.

"Ungemwambia nini cha zaidi?" Anselm aliniuliza. Watu huniuliza mpaka leo kwa nini sikumwacha. Huwa nawaambia wajaribu wao kumwacha mtu ambaye kosa lake ni kusema kweli. Watakosa hata pa kuanzia ugomvi.

Tulikwenda wote wawili kwa Limbu asubuhi iliyofuata, tumebeba uji. Alikuwa bado kwenye kona ileile, amejikunja, khanga yangu imeanguka pembeni. Anselm alimgusa mguu, akautoa mkono wake haraka. Mwili ulikuwa umekwisha kukauka kwa baridi.

Tulimwita mzee mmoja wa ikulu aliyekuwa akipita, tukamwambia Limbu amefariki. Akasimama kwa adabu, akatuambia kwamba msiba wa Limbu ulikwisha kuliliwa, na kwamba mtu haliliwi mara mbili. Akaendelea na safari yake. Basi Anselm akachimba kaburi nyuma ya nyumba, peke yake, kwa jembe, akivunja ule udongo mgumu wa kipupwe mpaka viganja vikatoka damu. Mimi nililia kwa sauti yangu yote. Wanawake waliotoka kisimani walisikia, wakageuza nyuso zao upande wa pili.

Tulipomaliza nilikwenda kwa mama. Alikuwa ameketi uani akipepeta mtama kwenye ungo, na jikoni kwake ulikuwa unawaka moto mpya wa Mlewa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota baada ya kunyolewa siku ya msiba. Sikumwamkia.

"Mama, Limbu amekufa."

"Limbu alikufa siku ile barazani," akasema. "Mumeo ndiye aliyetangaza."

"Tumemzika sasa hivi, Mama. Mimi na Anselm. Tulimkuta kwenye kona."

Hakuinua macho. Ungo ukaendelea kupanda na kushuka, pumba zikapeperuka kuelekea mlangoni. Nikageuka niondoke, na ndipo nikamsikia akiniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama watu wanavyouliza habari za mtoto aliyelala.

"Alikuwa amejifunika?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lakini nilikuwa na hasira.

"Hapana," nikasema. "Na alikataa niwashe moto, kwa ajili yako."

Ungo ukasimama. Mama alibaki ameushika hivyo hewani, na mtama ukaanza kumwagika upande mmoja, ukamwagika wote mchangani, na yeye hakuuona.